Profesa wa Jukwaani

"Hili jibu umeandika wewe?"

Aliyeuliza ni mchumba wake Profesa, muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu moja kwa moja hadi ofisini kwake, sare mwilini, simu mkononi. Profesa kazi yake ni kuandika programu, na jina hilo alipewa kwenye jukwaa la mtandaoni la waandishi wa programu. Alichungulia simu, akacheka.

Mgeni mmoja jukwaani alikuwa amekwama, akaomba msaada. Badala ya kunakili maandishi ya programu yake, akapiga picha kioo cha kompyuta. Kule hilo ni kosa, maana maandishi ya kwenye picha huwezi kuyanakili ukayajaribu. Sentensi moja ya upole ingetosha. Profesa akaandika: "Picha peleka studio. Hicho kichwa ni cha kufugia nywele." Watu kibao wakacheka, swali likafungwa bila kujibiwa.

Akamweleza mwenzake kwamba wageni wasipobanwa wanaharibu jukwaa, na kwamba kule ndivyo wanavyoongea, hakuna ugomvi.

"Yule mgeni ni mimi," dada wa watu akasema.

Kicheko kikamkauka.

Kumbe alikuwa anajifunza kuandika programu kimyakimya wakati wa mapumziko. Alitaka kutengeneza programu ya kumkumbusha mama mkwe wake mtarajiwa, mama yake Profesa, kunywa dawa za presha.

"Mpenzi, ningejua ni wewe, nisingeandika vile."

"Najua. Hicho ndicho kinachoniumiza." "Wodini nahudumia watu nisiowajua, wanauliza kitu kilekile mpaka nachoka. Siwatukani. Wewe heshima yako inasubiri kwanza ujue unaongea na nani. Na mimi nikizeeka, nikianza kusahau?"

Akavua pete, akaiweka mezani, akaondoka.

Jamaa akaomba radhi jukwaani, mbele ya wote. Sifa zikamiminika, eti muungwana. Akamtumia muuguzi ile radhi. Ujumbe ukarudi: "Nimeisoma. Na wale wengine?"

Akafungua majibu yake ya nyuma, awatafute wengine aliowahi kuwatukana. Wa kwanza alishafuta akaunti. Wa pili naye hayupo. Wa tatu aliandika "samahani kwa kuwasumbua", hakurudi tena. Profesa akalia palepale kwenye kiti, wenzake wa ofisini wakimtazama.

Akapiga simu. Ikapokelewa.

"Nakuomba usinichukie," alisema.

"Sikuchukii," muuguzi akajibu taratibu. "Nakuogopa."

Akakata.