Udi Uliovunjwa Ghorofa ya Tatu

Inspekta Kuwabara hakuwa na mke, hakuwa na gari, hakuwa na nywele utosini, na akikaribia kustaafu hakuwa hata na mlango wa kuuita wake. Alikuwa na redio ya zamani na chumba katika bweni la polisi mjini Matsue, basi.

Asubuhi hiyo aliitwa kwenye jengo moja kuukuu karibu na ziwa. Bi Nishio, mjane wa ghorofa ya tatu, alikuwa ameibiwa muhuri wake uliosajiliwa, ambao kwa Wajapani ndio saini, siku ileile ya kuuza fleti yake. Bila muhuri hakuna mauzo. Bila mauzo asingehamia Hiroshima kwa binti yake, ambaye alikuwa karibu kujifungua.

"Ulikuwa wapi muhuri?"

"Kwenye droo, chini ya madhabahu ya marehemu mume wangu. Nilishuka kutupa taka, sikufunga mlango. Nani anafunga hapa?"

"Mwizi anakushukuru sana, mama."

Kuwabara alipiga magoti mbele ya madhabahu. Droo ilikuwa imepanguswa, haina hata alama moja ya kidole. Lakini ndani ya chetezo, kando ya kijiti cha udi kilichosimama, palikuwa na kingine kilichovunjwa vipande viwili na kulazwa majivuni.

"Hiki nacho umewasha wewe?"

"Dhehebu letu husimamisha; wengine ndio hulaza. Sijalaza udi maisha yangu yote."

Inspekta akatabasamu. Mwizi alikuwa ameshindwa kufungua droo ya marehemu bila kumsalimu kwanza.

Walioonekana koridoni asubuhi ile ni wawili: Awano, dalali wa nyumba, na mzee Tokunaga, jirani wa mlango wa pili na mwenyekiti wa wakazi. Akawaita wote.

"Kabla ya maswali, mpeni marehemu heshima yake."

Awano alisimamisha kijiti chake. Tokunaga alikivunja chake katikati, akalaza vipande, akafumba macho. Alipoyafumbua, inspekta alikuwa akimtazama vidole.

"Asubuhi pia ulifanya hivyo, mzee?"

Tokunaga aliinamisha kichwa.

"Muhuri uko wapi?"

"Kwenye pipa langu la mchele."

"Kwa nini?"

"Miaka yote hii nasikia redio ya mama huyu kupitia ukutani. Ikiwashwa, najua kumekucha. Huyo mnunuzi anataka kuweka stoo ya mizigo. Nitaamshwa na nini, maboksi?"

"Mjinga we!" Bi Nishio alifoka, machozi yakimlenga. "Si ungegonga mlango ukasema?"

"Niseme nini? Usiende kumwona mjukuu wako?"

Mama yule alishusha pumzi. "Simshtaki, Inspekta. Mkaripie tu. Sana."

Awano, aliyekuwa ametoka kupokea simu, alirudi kutoka koridoni. "Mnunuzi amejitoa. Amesikia polisi wameingia humu, hataki tena."

Bi Nishio akaketi sakafuni. "Basi mtoto atazaliwa mimi nikiwa hapahapa."

Kuwabara alitoka kibarazani. Vyuma vya ukingo vilikuwa na kutu. Ziwa liling'aa kati ya mapaa.

"Mabomba ya maji je?" aliuliza.

"Tuliyabadilisha yote mwaka juzi!" Tokunaga alijibu upesi, mwenyekiti kamili. Kisha akamkazia macho. "Inspekta... una redio?"

"Ninayo. Inakoroma."

"Haidhuru. Mimi pia nakoroma."

Jioni, faili likiwa limeshafungwa, Kuwabara aliandika barua ya maombi ya kununua fleti ya Bi Nishio. Akaigonga muhuri wake, akagundisha bahasha, akaitumbukiza katika sanduku jekundu la posta mbele ya jengo lile.