Damu ya Wajina

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na bakuli la wali na mchuzi wa karanga, nikimpelekea Yusufa, mdogo wa mume wangu, anayelinda kituo cha utafiti hapa kijijini. Chakula kilikuwa kisingizio tu. Nilishachoka kuomba.

Mama yao, mzee Tida Marong, alitoa damu pale kila mwaka tangu ujana wake. Alipofariki nikajifungua binti, tukampa jina lake, na kwetu wajina habebi jina tupu, hubeba na uhai wa mwenye jina. Sasa wataalamu wanaichunguza ile damu ya zamani, eti wajue binadamu anazeekaje. Kila wakiyeyusha kichupa, Tida wangu, mtoto wa darasa la pili, anaamka na mvi mpya.

Nilishawapelekea kokwa za kola, zile za heshima, nikawaeleza. Wakatabasamu.

"Alisharidhia mwenyewe, mama."

Na huyu mtoto karidhia lini? Inakera, jamani.

"Shemeji, nikifukuzwa kazi utanilisha wewe," Yusufa alinong'ona. Lakini akafungua. Zile mvi alikuwa ameziona.

Friji kubwa ilinguruma. Baridi ikatoka... na harufu ya uvumba. Uvumba wa mama yake. Yusufa aliinusa, akaingiza mkono ndani. Akanipa kichupa bila kunitazama.

Nilikifumbata nikashika njia ya makaburini. Nikizike hicho kimoja pale alipolala mwenyewe, pengine yaishe.

Kikaanza kuyeyuka kiganjani.

Kikadunda.

Du... du... du...

Nilikimbia nyumbani. Tida alikuwa ameketi mkekani, mgongo umepinda, kichwa cheupe chote.

"Sarjo," akasema. Mwanangu hajawahi kuniita kwa jina. "Unataka kunizika mara ya pili?"

Halafu ile sauti yake ndogo ikatoka humohumo. "Mama, nasikia baridi."

Nilikirudisha kichupa palepale kituoni, nikilia kwa hasira. Asubuhi Yusufa akaja, macho mekundu.

"Wanasema kile kimeharibika, hakifai tena."

"Basi wameacha?"

"Wanavyo vingine, shemeji. Leo wanafungua cha mwisho. Alichotoa mwaka aliokufa."

Niko getini tangu asubuhi, Tida nimembeba mgongoni. Nimegonga, nimebembeleza, nimetukana. Wananiambia nisubiri, mama, daktari ana kazi. Nami kila nikimpandisha mgongoni, naona amezidi kuwa mwepesi.