Filamu ya Mdogo Wangu Niliyoiponda Bila Kuimaliza

"Dada, uliangalia dakika ngapi?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele kwenye mjadala wa filamu, maiki mkononi, nimetoka kuwachekesha watu mpaka wengine wanajifuta machozi. Na aliyesimama kule nyuma kuniuliza hilo swali ni mdogo wangu wa tumbo moja!

Wadau, niliishiwa pozi.

"Samahani ndugu, muda wa maswali bado," akadakia mwongoza mjadala.

"Sina maneno mengi," mdogo wangu akasema. "Kuna filamu inaitwa Bado Hajafika. Ina dakika hamsini na mbili. Dada yangu hapo aliiponda kwenye ukurasa wake. Namuuliza tu, aliangalia ngapi?"

Nikajichekesha.

"Nilizoangalia zilinitosha."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akainua simu yake juu.

"Linki tunazowatumia wachambuzi zinatunza kumbukumbu. Zinaonyesha mtu kafungua lini na kaishia wapi. Wewe uliishia dakika ya kumi na moja. Hukurudi tena."

"Heeee!" ukumbi ukavuma.

Mdogo wangu mwenyewe! Kuniumbua mbele ya watu zaidi ya mia, simu zote zinanirekodi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na hapo hakuwa amemaliza...

Ngoja niwape mkasa wote, maana wengi mliona kile kipande cha video mkajaa kwenye komenti kunitetea. Msinitetee jamani. Someni kwanza.

Mnanijua. Mimi ni mchambuzi wa filamu, na si zile za kampuni kubwa. Nachambua filamu huru, zile watu wanazotengeneza kwa kujichanga, kamera ya kuazima, waigizaji majirani. Ninyi wenyewe mkanibatiza Dada Wembe.

Nilianza kwa mapenzi, Mungu ni shahidi. Nilizipenda kwa sababu hazina haraka. Mtu anaosha vyombo tu, lakini ukimtazama vizuri unaona ndoa yake yote pale kwenye karai. Filamu kubwa haina muda wa karai.

Nilikuwa naangalia filamu moja mara mbili kabla sijaandika neno.

Halafu siku moja nikaamka vibaya, nikaponda filamu ya kijana fulani. Laiki elfu nne! Niliyoisifia wiki ile ile ilipata sitini.

Basi nikajua mnataka nini. Nikawa naangalia mwanzo, nikipata pa kuchekea nafunga, naandika.

Na nilikuwa na sheria niliyoringia: siangalii kazi ya ndugu wala rafiki.

Mdogo wangu aliwahi kunijaribu, miaka mitatu nyuma.

"Dada, nina kafilamu kangu, naomba unitazamie."

"Sheria ni sheria. Watu watasema nakubeba."

"Hata usiandike. Angalia tu uniambie."

"Nimesema hapana, bwana!"

Hakuniomba tena.

Mama alipoanza kuumwa, ni yeye aliyemchukua. Alipanga vyumba viwili karibu na hospitali, akawa anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Mimi niko mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Saa sita tu!

"Dada, njoo umwone mama."

"Wiki ijayo. Sasa hivi kuna tamasha la filamu."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Mbona nikiongea naye ananiambia hajambo?"

Ni kweli alikuwa ananiambia hajambo. Mama gani atakwambia vingine?

Zikapita wiki, ikawa mwezi, ikawa miezi mitano.

Jumamosi moja asubuhi niko saluni nasukwa, ikaingia linki. Mtumaji kajiita Mpita Njia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Naomba uiangalie. Ni fupi."

Pale saluni kelele tupu, wanawake wanabishana, redio inapiga. Nikazima sauti ya simu, nikafungua.

Chumba. Kitanda. Bibi kizee mwembamba, kitambaa kichwani, kalala kaipa kamera mgongo. Kamera imesimama kama imepigwa msumari.

Dakika ya tano, mgongo.

Dakika ya nane ukaingia mkono wa mtu, ukamwekea mto vizuri. Kisha mgongo tena.

Msusi wangu akachungulia simu.

"Shoga, huyo kalala au kafa?"

Tulicheka jamani! Nilicheka mpaka akanifokea nitulize kichwa. Pale pale nikafunga filamu, nikaandika. Niliyoyaandika haya hapa, sifichi:

"Inaitwa Bado Hajafika, na kweli hata hadithi yenyewe bado haijafika! Mwongozaji anaogopa nyuso za watu. Kalaza kikongwe kitandani, kaita sanaa. Na wewe bibi, hata kufa kunataka mazoezi."

Laiki elfu tisa. Mlicheka na mimi.

Siku tisa baadaye mama akafariki.

Tulimzika nyumbani kwa babu, kwa hiyo kule alikokuwa anaugulia sikufika kabisa. Mdogo wangu hakunipa hata mkono. Nikajisemea, ni uchungu, utapoa.

Wiki tatu zikapita, ndipo akatokea pale ukumbini.

Sasa turudi pale. Watu wananong'ona. Mdogo wangu akashusha simu, akaongea taratibu kabisa.

"Yule kikongwe uliyemwambia akafanye mazoezi ya kufa... ni mama."

Maiki ilinidondoka.

Yeye akageuka, akatoka.

Nilimkimbilia, viatu mkononi, nikamdaka kwenye ngazi. Mwenzenu hata pale bado nilikuwa na hasira naye!

"Kwa nini umenifanyia hivi? Si ungeandika jina lako? Si ungesema ni mama!"

"Ningeandika jina langu, ungeangalia?"

Nikaviweka viatu chini.

"Na ujue si mimi niliyetaka kujificha," akasema. "Ni mama."

"Mama?!"

"Nilimwambia una sheria yako, kazi za ndugu huangalii. Akafikiri, akasema, 'Dada yako wageni anawaangalia wote. Basi nitume kama mgeni.'"

Nikakaa chini.

"Mama alikuwa hai ulipoituma?"

"Alikuwa hai. Si ndiyo maana tuliituma? Alitaka uone, uje. Kila asubuhi akiamka ananiuliza, 'Ameangalia?' Mimi nimeshasoma ulichoandika. Ningemjibu nini, dada? Nikamwambia ndiyo, ameangalia. Akauliza, 'Amesemaje?'"

Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umesema ni nzuri sana. Umesema uko njiani."

Jamani...

"Siku ya mwisho alitaka nimvalishe lile gauni lake la bluu. Akasema hutamkuta na nguo ya kulalia. Amekufa amevaa hivyo, anakungoja."

Akashuka ngazi, akaniacha.

Niliitafuta ile linki kwenye simu. Bado ilikuwa inafanya kazi. Nikaweka sauti, nikaangalia pale pale kwenye ngazi, watu wananipita.

Mgongo ule ule. Lakini kumbe mama alikuwa anaimba! Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini ule wimbo aliokuwa akinibembelezea. Dakika zote kumi na moja anaimba, na mimi nilizima sauti.

Dakika ya kumi na mbili, mama anageuka.

Anaitazama kamera. Amekwisha, amebaki macho tu. Lakini anatabasamu!

"Haya bibie, umefika?" anasema. "Sikulaumu, najua una kazi. Nimemwambia mdogo wako aniweke humu kwenye simu, maana humu ndimo unamopatikana."

Halafu anaongea na mimi. Dakika arobaini nzima, wadau! Anasimulia siku niliyozaliwa, jinsi nilivyotoka na kichwa kikubwa mpaka mkunga akaita wenzake waje waone. Anakohoa, anapumzika, anaendelea. Ananiuliza kama nakula. Anasema tusije tukagombana, mimi na mdogo wangu, kwa sababu ya ugonjwa wake.

Na mwisho anasogea karibu na kamera.

"Sasa zima hiyo simu, uje."

Filamu inaishia hapo.

Nililia mpaka mlinzi wa ukumbi akaniletea maji.

Kama mchambuzi, nawaambia ukweli niliopaswa kuwaambia siku ile. Ule mgongo haukuwa uzembe. Mama alikuwa analala vile kwa sababu mlango ulikuwa upande ule, ananingoja niingie. Mdogo wangu alitaka anayeangalia angoje pamoja na mama, achoke kama alivyochoka yeye, ndipo apewe ule uso. Ni filamu bora kuliko zote nilizowahi kutumiwa. Na kazi yangu ilikuwa kungoja tu, nikashindwa.

Unayesoma hapa, nisikilize. Mtu akikuletea alichokitengeneza, ndani yake kuna mtu anakuita. Kiangalie mpaka mwisho, au kaa kimya. Na kama nyumbani wanakwambia njoo, nenda leo. Kazi utaikuta.

Mdogo wangu hakupokea simu zangu kwa wiki mbili. Jana nikamtumia ujumbe.

"Naomba ruhusa niandike upya kuhusu filamu yako. Niseme ni nzuri."

Safari hii akajibu.

"Aliyekuwa anataka kusikia hivyo, nilishamwambia."