Mla Maneno Yaliyofutwa

Neno lililoanza yote lilikuwa "usimwambie".

Kiponda alikuwa amekaa kwenye banda lake la kutengeneza simu pale Shella, Malindi, anamwandikia mteja ujumbe wa kawaida kabisa: simu yako tayari, njoo. Alipofika hapo kibodi kikamtolea maneno matatu juu ya herufi, achague moja. La kwanza, "leo". La pili, "uichukue". La tatu, "usimwambie".

"Nisimwambie nani?" akaiuliza simu, akacheka peke yake. Akaligusa lile neno, mchezo tu. Kibodi kikatoa jingine: "Kiponda".

Usimwambie Kiponda.

Hapo kicheko kikakatika.

Sasa huyu Kiponda tumjue kabla hajaanza kulia. Alikuwa na mdomo mpana kuliko ule mkono wa bahari wa Mtwapa. Shule aliiacha darasa la saba, akidai walimu wanamchelewesha. Juu ya banda alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu FUNDI MKUU WA DUNIA, na ukimwuliza dunia gani atakujibu, "Hii hii, unajua nyingine?" Mchumba wake, Damaris, alikuwa binti wa Rabai, msusi mwenye mikono myepesi, na ndiye peke yake mjini aliyeweza kumwita "Fundi Mkuu" kwa namna ya kumfanya aone aibu. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Damaris alikuwa amerudi Rabai kumwuguza baba yake, Mzee Mangi, aliyelazwa chini na kifua.

Na hicho kibodi? Kiliitwa Kalamu Tamu. Kila mtu Malindi alikitaka. Kiliandika kwa herufi za maua, kilikuwa na vikatuni vya kucheka na kulia, na zaidi ya yote kiligeuza Kiswahili kuwa Kiitaliano papo hapo, kitu kikubwa kwa mji wenye wageni kama ule. Lakini kilikuwa cha kulipia, mia tatu kila mwezi, na nani atalipa mia tatu apate herufi? Kiponda akakipata bure. Kulikuwa na kundi la mafundi kwenye simu, watu wasiojuana sura, na mmoja wao akamwaga humo Kalamu Tamu iliyokwisha kuvunjwa kufuli. Kiponda akaanza kukigawa kama peremende za Idi. Umeleta simu kubadilisha kioo? Utaondoka na kioo na Kalamu Tamu. Umeleta spika? Kalamu Tamu. "Zawadi ya fundi!" alikuwa akisema, kifua mbele.

Kila alipokiweka, simu ilitoa onyo: kibodi hiki kinaweza kukusanya kila kitu utakachoandika, unaruhusu? Kidole gumba cha Kiponda kilikuwa kimeshabonyeza RUHUSU kabla onyo halijamaliza kufunguka. Simu mia mbili na zaidi. Hakuna mwenye simu hata mmoja aliyeulizwa. Ya Damaris ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Jioni ile ile ya "usimwambie", rafiki yake Owen akamwandikia kutoka Mtwapa: Vipi kaka, harusi iko pale pale ama mzee ataivuruga?

Kiponda akaandika: Huyu mzee kama ni kufa angekufa tu mapema, tusije tukaahirisha.

Akayatazama yale maneno. Hata yeye, na mdomo wote ule, masikio yalimwaka moto. Akayafuta, herufi moja moja, mpaka pakawa peupe. Akaandika upya: Iko pale pale. Tunamwombea mzee apone. Akatuma.

"Kilichofutwa kimefutwa," akajisemea, akafunga banda.

Kesho yake adhuhuri, wakati jua limesimama wima na Shella yote imejifungia ndani, Kiponda akasikia harufu. Si moshi, si waya ulioungua, hizo anazijua. Ilikuwa harufu ya ubani uliomwagiwa maji ungali unawaka, ule utamu uliogeuka uchachu na kukaba koo. Akanusa huku na huku. Akatoka nje, nje hakuna. Akarudi ndani, ikamngojea mlangoni.

Halafu ile sauti. Tik. Tik tik. Tik.

Ilitoka kwenye droo ya simu mbovu.

Mle ndani mlikuwa na simu saba, na tatu kati ya hizo zilikuwa hazina betri kwa sababu betri zake alikuwa ameziweka kwenye mkebe mwingine kwa mkono wake mwenyewe, na Kiponda alipoivuta ile droo taratibu, jasho likimteremka hadi kiunoni, akaona zote saba zimewaka, na juu ya kila kioo maneno yanajiandika bila kidole, yanasimama kidogo kama mtu anayefikiri, kisha yanafutika, yanaandikwa mengine, yanafutika, na ile harufu ikazidi kupanda kila mstari ulipofutika, kana kwamba mle ndani kuna kinywa kinachomeza na kucheua.

Akasoma. Angefunga droo, lakini nani angefunga?

Mtoto huyu si wake, Mungu nisamehe.

Mama, mimi ndiye niliyeiuza ile ardhi.

Sitaki kwenda tena kwa yule mzungu, naogopa.

Maneno ya watu anaowajua. Watu waliomsalimia asubuhi. Na kwenye simu ya saba, moja ya zile zisizo na betri, mstari ukaanza kujiandika polepole: Nimechoka na Fundi Mkuu. Anaongea, anaongea, hanisikii. Bora ningemkubali yule mwalimu. Usimwambie Kiponda.

Mjini kuna mtu mmoja tu anayemwita Fundi Mkuu kwa uchovu namna ile.

Akampigia hapo hapo.

"Mwalimu gani?" akafoka, hata salamu hakuna.

"Punguza sauti," Damaris akanong'ona. "Baba ndiyo kwanza amepata usingizi. Mwalimu gani nini?"

"Bora ungemkubali yule mwalimu. Umechoka na Fundi Mkuu. Nimesoma, Damaris! Usinifanye mjinga!"

Upande wa pili Kiponda akasikia mzee akikoroma kwa mbali, kisha mlango ukafungwa.

"Maneno hayo," Damaris akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa, "nilimwandikia dada yangu siku ile uliyonicheka mbele ya rafiki zako. Sikuyatuma. Niliyasoma nikayafuta."

"Kwa hiyo uliandika!"

"Na nikafuta, Kiponda. Nilipoyafuta ndipo nilipokuchagua wewe. Hujaelewa?" Akavuta pumzi. "Sasa niambie. Kitu nilichokifuta kwenye simu yangu, ndani ya chumba changu, peke yangu, wewe umekipata wapi?"

Fundi Mkuu wa Dunia akaisukuma ile droo kwa goti, ikafunga.

"Ni... ni kile kibodi," akasema.

"Zawadi ya fundi," Damaris akasema. Simu ikakatika.

Alasiri Mama Kabibi akaja mwenyewe. Huyu alikuwa mganga, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani na mkoba wa plastiki, na wagonjwa wake humwandikia shida zao kwenye simu. Kioo cha simu hiyo kilibadilishwa na nani? Haya.

"Shikamoo, Mama."

"Shikamoo yako weka kando kwanza. Tangu jana simu yangu inamwandikia kila mgonjwa siri za mgonjwa mwingine. Umenitilia nini humu?"

"Ni kibodi tu, Mama. Kina hitilafu, nitakirekebi..."

"Nyamaza." Alikuwa amekwisha kunusa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. "Hii harufu naijua, ila sijawahi kuikuta kwenye duka la simu. Funga mlango."

Akaweka ungo chini, akapanga zile simu saba, yake ya nane, ya Kiponda ya tisa. Akachoma ubani wake mkavu kwenye kigae. Akauliza kwa upole, kama anayemwuliza mgeni alikotoka, "Wewe ni nani, na umeingiaje kwa watu?"

Tik, tik, tik. Vioo tisa vikaandika pamoja, mstari mmoja:

Sikuingia. Nilikaribishwa. Nilieleza nitachukua nini, akaruhusu.

"Nani aliruhusu?"

Vioo vyote vikazimika isipokuwa kimoja. Juu yake ikatokea alama ya kidole gumba, mistari yake yote, na lile kovu la waya wa moto alilopata Kiponda mwaka juzi.

"Mara ngapi?" Mama Kabibi akamwuliza Kiponda, sasa kwa kunong'ona.

"Mama, mimi nilidhani ni bure..."

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Mia mbili. Na kitu."

Mama Kabibi akashika kichwa. "Majini niliowatoa mimi waliingia kwa kuvizia. Mtu amekanyaga pabaya, ameoga mahali si pake. Huyu wewe umemwita, umemfungulia, umempa funguo za nyumba za watu! Bure! Ulidhani anakula nini?"

Kioo kikajibu kabla yake: Nakula kilichofutwa. Kitamu kuliko kilichotumwa.

"Utatoka kwa njia gani?"

Kwa kidole kile kile. Simu kwa simu. Mwenye simu ajue, na akubali mwenyewe. Asiyekubali ni wangu.

Basi Kiponda akatembea. Siku nane, nyumba kwa nyumba, na yule aliyekuwa akitembea kifua mbele sasa anatembea ubavu ubavu kama kaa. Kila mlango ilibidi aseme kwa mdomo wake: nilikuwekea kitu, sikukuuliza, kimekula maneno yako, naomba nikitoe. Mama mmoja alimmwagia maji ya kuoshea samaki. Kijana mmoja alimpiga kofi, akampa simu, alipomaliza kukitoa kibodi akampiga la pili. Mzee mmoja alikaa chini tu mlangoni akauliza, "Na mke wangu ameyaona?" Hilo lilimuuma kuliko makofi. Lakini wote walikubali, na kila kibodi kilipotoka harufu ikapungua, hata banda likaanza kunuka risasi ya kuunganishia waya, harufu yake ya zamani. Cha Mama Kabibi kikatoka. Cha kwake mwenyewe kikatoka. Lile bango jekundu alilishusha kwa mkono wake.

Ikabaki simu moja.

Alifika Rabai saa nne asubuhi, amevaa shati la heshima, amebeba maembe na dawa ya kifua. Mzee Mangi alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, amekonda lakini macho yamerudi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Mkwe! Karibu, karibu. Unaona? Nimeamka. Hiyo harusi yenu nitacheza mwenyewe!"

Kiponda akatamani ardhi immeze. Damaris alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, simu mkononi. Hakusogea.

Akamkaribia, akasema chinichini yale maneno aliyoyasema kwenye milango mia mbili. "Naomba nikitoe, Damaris. Ukikubali, yamekwisha. Tuanze upya."

"Kwako ulishatoa?"

"Nimetoa."

"Kwa hiyo wewe husomi tena."

"Sisomi tena. Naapa."

"Mimi nasoma," Damaris akasema. "Wiki nzima nimekaa na baba usiku na mchana, sina la kufanya, nagusa lile neno la tatu linalotolewa na kibodi. Nagusa tu. Ulivyonitafuta wewe humo, na mimi nikakutafuta." Akamgeuzia kioo, polepole.

Huyu mzee kama ni kufa angekufa tu mapema, tusije tukaahirisha.

"Damaris. Nililifuta. Wallahi nililifuta, angalia nilichotuma, mwulize Owen..."

"Najua ulilifuta."

"Sasa si ndivyo ulivyoniambia mwenyewe? Ulipofuta ulinichagua? Na mimi..."

"Mimi nilipokuambia hivyo ulinijibu nini?"

Akakumbuka alivyomjibu. Kwa hiyo uliandika. Alilisema kwa sauti ya juu, mzee wa watu amelala.

Kutoka kwenye mkeka Mzee Mangi akaita, "Mnanong'ona nini huko? Mwenzio amekuandikia nini, mama?"

Damaris hakumwondolea Kiponda macho. "Maombi, baba. Alikuwa anakuombea."

"Amina," mzee akasema, akaukunjua mguu wake kwa taabu, anatabasamu. "Mungu amlipe kwa kadiri ya moyo wake."

Kiponda akanyoosha mkono, kile kidole gumba chenye kovu kimetangulia. "Nipe, Damaris. Nakuomba. Kinakudanganya."

"Hakijanidanganya hata mara moja," akasema. "Wewe umenidanganya. Chenyewe kimenieleza. Sikubali."

Akarudisha simu kifuani. Akaandika kitu, mstari mrefu, vidole vyake vyepesi vya kusukia vikienda upesi. Jina la Kiponda lilikuwa juu, hilo aliliona. Damaris akausoma ule mstari, midomo ikimcheza kidogo, karibu kama mtu anayesamehe. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma, kikakaa hapo, kikakaa.

Kisha akaufuta, herufi moja moja, mpaka pakawa peupe.

Barazani, kwenye upepo safi wa vilima vya Rabai, ukapita ubani uliomwagiwa maji. Kiponda akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama. Bila kile kibodi ilikuwa kimya, nyeupe, haina neno hata moja la kumpa.