Kope la Mama Lilipolegea

Kila asubuhi kabla ya shule Foriwaa alimenya ndizi mbichi na magimbi, kwa sababu mama yake, Konadu, aliuza chakula karibu na stendi ya mabasi ya Mampong, nchini Ghana. Zamani kazi hiyo waliifanya kwa soga. Tangu dada yake Birago aposwe, soga zilikwisha.

Kwa Waashanti, posa ikishaingia, upande wa mume hutuma watu kuulizia chinichini: ukoo ule una wezi? Una ugonjwa wa kurithi? Huulizwa majirani, huulizwa hata watoto. Konadu aliogopa, kwani mama yake mzazi alianguka ghafla sokoni ameshika kichwa, akafa. Kaka yake naye vivyo hivyo.

"Ukiulizwa bibi alikufa na nini, sema uzee," mama alimwonya Foriwaa.

"Na mjomba?"

"Ajali. Na usinitazame hivyo, unataka dada yako azeekee hapa jikoni?"

Basi Foriwaa akatii. Wenzake walipomwita kucheza ampe, wakiruka na kupiga makofi, alisingizia kazi, maana mpwa wa mchumba wa Birago alikuwa miongoni mwao. Mtoto wa miaka kumi na miwili akabaki na siri ya watu wazima, na upweke ukamwelemea. Kisha mama akaanza kuumwa kichwa nyuma ya jicho la kushoto, na kope la jicho hilo likalegea. Konadu alishusha kilemba kulifunika, akaendelea kuuza. Foriwaa alitamani kumwambia mtu, yeyote yule, lakini hakuwa na wa kumwambia.

Siku mama alipoona vitu viwiliviwili akamwagia mteja mchuzi mkononi, ndipo alipokubali kwenda zahanati, Foriwaa akimwongoza. Tabibu akauliza kope lilianza lini kushuka, na kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa maumivu ya kichwa.

"Nimezaliwa nalo," Konadu alijibu. "Na kwetu watu hufa na uzee. Nipe matone tu, mwanangu."

Tabibu akashika kalamu. Foriwaa akapima moyoni. Akisema, posa ingevunjika na Birago asingemsamehe. Asiposema, mama angeanguka kama bibi.

"Si kweli," alisema. "Lilishuka wiki hii. Kichwa kinamuuma. Na bibi na mjomba walikufa wameshika kichwa."

Tabibu akawapa rufaa papo hapo. Safari nzima ya kwenda hospitali kubwa ya Kumasi mama hakumsemesha. Foriwaa hakuwahi kuwa mpweke kama siku ile, ingawa magoti yao yaligusana.

Baada ya picha za kichwa, daktari aliwaeleza. Chini ya ubongo mishipa ya damu huungana kama pete, ili njia moja ikiziba nyingine isaidie. Wengi huzaliwa na pete yenye kipande chembamba au iliyokosa kipande kabisa, na wengi wao huishi salama hadi uzeeni. Kwa Konadu, upande mmoja ulikuwa mwembamba kama uzi. Damu ilielemea upande wa pili, na ukuta wa mshipa, dhaifu kama wa ndugu zake, ukavimba kama puto dogo likaukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho. Likipasuka, mtu huanguka ghafla. Alipasuliwa siku hiyohiyo, uvimbe ukabanwa kwa kibanio kidogo usije ukapasuka.

Maame Dufie, shangazi wa mchumba, alipokuja kumjulia hali, Birago alitazama sakafu. Konadu, bendeji kichwani, akasimulia yote mwenyewe: mama yake, kaka yake, na uongo wake.

Mgeni akavuta kiti karibu. "Mama Birago, sisi hayo tuliyasikia zamani, kwenye msiba wa kaka yako. Tulikuwa tunangoja mtuambie wenyewe. Maradhi yapo kila ukoo, hata kwetu kisukari kimetumaliza. Tunachoogopa ni watu wa kuficha, na leo wewe hukuficha; posa iko palepale."

Birago akaangua kilio cha furaha. Konadu akamvuta Foriwaa karibu na kitanda.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua," alimwambia. "Mimi nilificha, kikanifikia mlangoni. Kesho daktari atawapima wewe na dada yako. Akiuliza habari za ukoo wetu, mwambie zote, mwanangu, usibakize hata moja."