Brashi ya Jiwe la Kijani

Ilikuwa Jumanne, tarehe 2 Desemba 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri. Jua lilikuwa limeshazama, kama kawaida ya Stockholm majira hayo. Nilikuwa mtaa wa Tensta, nyumbani kwa dada Agripina, mwenzangu wa kwetu anayenisuka nywele, nikimrudishia sufuria yake.

Kesho yake sote wawili tulikuwa na usaili wa nafasi moja: kutunza vifaa vya kuandikia vya wasomi wa Kichina katika makumbusho. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Lakini kwa wiki mbili maneno yalikuwa yakinitoka kichwani. Majina ya wafalme, ya wachongaji... Nilidhani ni wasiwasi.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaita, nikaingia.

Harufu ya mafuta ya nywele. Yangu.

Mezani jikoni palikuwa na kibao cheusi cha jiwe. Juu yake, brashi ya kuandikia. Mpini wake ulikuwa wa jiwe la jade, kijani cha maziwa, umechongwa pingili za mwanzi. Nikaushika. Baridi yake haikupungua mkononi.

Ncha yake haikuwa ya manyoya ya mbuzi. Zilikuwa nywele nyeusi, za kipilipili, zilizonyooshwa kwa moto.

Kwenye kibao palikuwa na neno lililoandikwa kwa maji. Jina fupi la ukoo wa wafalme wa Kichina. Nikalisoma. Likakauka.

Sikulijua tena.

"Vero," mtu akanong'ona nyuma yangu. "Leo umewahi, mdogo wangu."

"Dada... hizi ni nywele zangu?"

"Si wewe uliyenihadithia? Kwamba Wachina humtengenezea mtoto brashi kwa nywele zake za kwanza?" Akacheka kidogo. "Mimi nimeongeza tu vya kwetu. Kinachoandikwa kwa nywele za mtu, kikikauka, kinamtoka."

"Ulisema zinazong'oka ukinisuka unazichoma! Nisije nikarogwa Ulaya!"

"Na wewe, msomi mzima, ukaamini. Nafasi ni moja, Vero."

Nikaipora brashi nikakimbia hadi kwenye treni.

Nyumbani Farsta nikawasha kiberiti, nikasogeza ncha kwenye moto.

Utosi wangu ukaungua.

Nikapiga kelele, nikaizima kwa vidole. Harufu ilijaa chumbani, lakini kwenye brashi haukupungua hata unywele mmoja.

Asubuhi, saa moja, nilijaribu kujiandaa kwa usaili. Kichwani hamkuwa na kitu. Nilimkumbuka yeye tu. Miaka minne nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, akinisuka, akinilisha, akiniita mdogo wake. Hilo liliniuma kuliko utosi.

Nikachovya brashi kwenye maji. Juu ya kigae cha jikoni nikaandika jina moja.

Agripina.

Nikachukua simu niandike haya upesi, kabla halijakauka. Herufi ya kwanza imeshaondoka. Sasa ya pili. Maumivu yanapungua, kweli yanapungua... Imebaki moja.

Mlango unagongwa.

"Mdogo wangu," mwanamke ananong'ona nje. "Fungua. Nimekuja kukusuka."

Simjui. Lakini ana sauti ya upole, na mimi leo nina upweke nisioujua ulikotoka.

Naenda kumfungulia.