Namba Mbili kwenye Kioo cha Mvua

Nilitumwa kuanua nepi tu.

Magharibi ilikuwa inakaribia, na mke wangu Zuleikha alikuwa katika siku ya ishirini na tatu tangu ajifungue. Nikapanda ngazi mbio mpaka juu ya paa. Nimechelewa. Mvua ilikuwa imeshapita na kwenda zake, nepi zote zimerowa chapachapa.

"Mashine ya mvua tunayo, na nepi zinarowa kila siku," alisema Zuleikha niliporudi. "Mwanangu atavaa nini, Khatib? Kanzu yako?"

Nikazikamua nepi dirishani. Mashine yenyewe aliileta kaka yake kutoka Maskati. Kijidude kimoja kinakaa juu ya paa kupima joto na unyevu, na kioo kinakaa ndani, kinapokea habari bila ya waya na kukwambia kama mvua iko njiani. Kwao Maskati labda. Sisi tulikuwa tumepanga ghorofa ya pili Kiponda, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, kuta unene wake mkono mzima. Kwenye kioo changu palikuwa na vistari viwili tu, kama macho yaliyofumba.

Wiki mbili nilipigana nayo. Nilibadilisha betri. Nilikihamisha kijidude pembe zote za paa. Nilikifungia kifuniko cha sufuria ili kivute mawimbi, nikaambulia maneno ya Bi Mwanamkasi, shangazi yake Zuleikha aliyekuja kumlea mzazi.

"Sufuria langu la wali limekuwa mnara wa simu?"

Na shemeji kila jioni anapiga: "Vipi, inafanya kazi?" Nami namjibu, "Alhamdulillahi, vizuri." Uongo. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Jioni ile hasira zilinipanda. Adhana ya Magharibi ikasomwa nami nimeshika patasi na nyundo. Nikasema nitasali nikimaliza. Nilitaka kutoboa ukuta wa ukumbini, nipitishe waya kutoka kwenye kijidude juu ya paa, niuunge kwenye kioo. Ruhusa ya mwenye nyumba sikuomba.

Chokaa ikamomonyoka. Kumbe ndani mna uwazi.

Ndani ya uwazi mlikuwa na chungu kidogo, mdomo umezibwa kwa nta, na waya wa shaba umezungushwa mara saba.

Sitasema kwamba sikujua. Nilijua. Mtoto gani wa Unguja asiyejua fingo? Wazee walikuwa wakiyaweka kwenye kuta na vizingiti kulinda nyumba. Lakini waya wangu ulikuwa umekatika mara mbili, na ule wa shaba ulikuwa mzima, mnene, mzuri. Nikajidai mcha Mungu: hii ni shirki, na shirki haina nguvu. Dini yangu niliikumbuka pale iliponifaa. Nikauzongoa waya, nikautoa. Hata bismillahi sikusema.

Nta ikapasuka. Ikatoka harufu ya kafuri... ile ya maiti akishakoshwa.

Nikauunga waya kwa risasi ya kuchomelea, nikaupitisha nje mpaka kwenye kijidude. Kioo kikawaka.

Nje, nyuzi ishirini na sita. Unyevu tisini na moja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikaona mstari wa chini yake. Namba mbili.

Hapo ni pahala pa kijidude cha pili, ukinunua. Mimi ninacho kimoja tu.

Namba mbili ikaandika nyuzi thelathini na saba. Joto la mtu. Pembeni yake pana vijiti vya kuonyesha mawimbi yako mbali au karibu. Kilikuwa kijiti kimoja.

Nikasema ni cha jirani. Lakini jirani yetu ana redio ya mkulima tu.

Vijiti viwili.

Nikasikia kitu ngazini. Si hatua. Kama mtu anayeburura mkeka uliorowa... anasita... anaburura tena.

Vijiti vitatu.

Nikashika koleo nikaukata waya. Namba mbili haikuzimika. Nikatoa betri, nazo nikazishika mkononi. Haikuzimika.

Vijiti vinne.

Pazia la chumbani kwa Zuleikha likatikisika, na hewa ilikuwa imetulia. Mtoto wetu Nadhira, aliyekuwa akilia, akakatika sauti katikati ya kilio.

"Khatib!" Sauti ya Bi Mwanamkasi, ya chini kabisa. "Njoo."

Mtoto alikuwa mikononi mwake, macho wazi, anatazama dari. Nikamgusa. Baridi, kama samaki wa barafu. Zuleikha alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Umetoa nini ukutani?" aliniuliza Bi Mwanamkasi.

"Sijatoa kitu."

"Mwanamme wewe, mtoto anakwenda huyu! Umetoa nini?"

"Waya..." nikasema. "Waya wa fingo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Karejeshe. Sasa hivi. Na usome."

Nikaokota vipande vya shaba sakafuni. Nikavizungusha kwenye mdomo wa chungu huku nasoma Ayatul Kursiy, nakosea, naanza tena. Nta nikaibana kwa dole gumba. Nikakirudisha chungu, nikaziba tundu kwa mawe na chokaa iliyomwagika. Nilipoweka jiwe la mwisho, Nadhira akalia.

Zuleikha akamnyonyesha, analia na kucheka. Kioo kilikuwa cheusi. Nikailipa kadha Magharibi iliyonipita, machozi yananitoka kwa aibu.

Hatukungoja arubaini ya uzazi. Siku ya tatu tulihamia Bwejuu kwa wazee wangu.

Miezi mitano baadaye nilikwenda kwa Mzee Mahfoudh, mwenye nyumba, kumwomba radhi. Nilimhadithia yote. Alisikiliza, kikombe cha kahawa mkononi.

"Fingo lile si la kuzuia wezi," alisema. "Babu yangu alikifungia humo kitu kilichokuwa kikifuata watoto wachanga wa nyumba ile, kikiwatoa na kukaa mwilini mwao. Ulipofunga chungu, mtoto alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa kimya. Alilia nilipomaliza."

Akaweka kikombe chini. Akainuka. Aliponisindikiza mlangoni ndipo akaniambia, huku ananikwepa macho: "Wapangaji wapya wanataka kuhama. Wanasema ukutani, pale ukumbini, mna mtoto analia. Kila Magharibi."

Nadhira sasa anakaa. Ana afya, anakula, tangu siku ile hajalia tena hata mara moja. Zuleikha anamshukuru Mungu kwa mtoto mtulivu. Sijamwambia.

Patasi ninayo. Mara mbili nimefika mpaka Kiponda, nimesimama chini ya ile ngazi, nikamsikia yule wa ukutani. Sauti nyembamba, imechoka.

Na mara mbili nimerudi nyumbani, nikampakata huyu aliyeko.